Shamba la Anania na Ploti Yako

Neno la leo liko Matendo ya Mitume 5:1-11. Lisome kwanza, kisha urudi hapa tuongee. Leo tunagusa mambo ya pesa, na najua pesa ikitajwa kanisani kuna wale hukumbuka ghafla wameacha sufuria mekoni. Kaa kidogo.

Nimeulizwa swali hili na zaidi ya mshirika mmoja: "Pastor, kama sheria yenyewe inaniruhusu kulipa ushuru kidogo kwa nyumba zangu za kupangisha, nikiifuata nimetenda dhambi?"

Ni swali la watu wetu kabisa. Kuanzia Nyanchwa na Jogoo hapa Kisii mjini, ushuke Suneka, uende Keroka hadi Nyamira, mtu akipata kitu kidogo anajenga vyumba. Mwalimu anajenga, nesi anachukua mkopo wa sacco anajenga, mwenye duka la hardware anajenga. Wanafunzi wa chuo wanahitaji pa kulala, na kodi ya mwezi inalipa karo ya watoto. Mungu abariki kazi hiyo.

Jibu langu ni hili: hapana, si dhambi. Sheria ikikuwekea milango miwili na ukapita ule wa gharama ndogo, hujamwibia mtu. Tuangalie milango yenyewe, maana wengi wanaogopa kitu ambacho hawajakisoma.

Kodi ya nyumba za watu kuishi ikiwa kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, unalipa KRA asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea, kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Kabla ya Januari 2024 ilikuwa asilimia 10. Hapo huondoi gharama yoyote, lakini ukishalipa umemaliza. Mlango wa pili ni kumwandikia Kamishna kwamba unataka kutozwa kwa mwaka. Hapo unaondoa riba ya mkopo, ukarabati na gharama nyingine halali, kisha faida inajumlishwa na mapato yako mengine.

Chukua ploti ya vyumba kumi vya shilingi 4,000. Kwa mwaka ni 480,000. Mlango wa kwanza unadai 36,000. Sasa mama mjane asiye na mapato mengine, ambaye riba na ukarabati vinakula 300,000, anabaki na 180,000. Akipita mlango wa pili hadaiwi kitu, kwa sababu faida yake haifiki 288,000. Mama huyo hajakwepa. Sheria imemwona alivyo. Lakini mwalimu mwenye ploti kama hiyo, ambaye mshahara wake tayari unakatwa asilimia 30 kwa juu, akijumlisha hiyo 180,000 atadaiwa 54,000. Heri abaki na mlango wa kwanza. Kupiga hesabu hivyo ni hekima. Yesu mwenyewe alisema juu ya mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara.

Sasa twende kwa Anania. Watu wengi hudhani alikufa kwa sababu hakutoa pesa zote. Soma tena. Petro alimwambia wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza pesa zilikuwa mkononi mwake. Angebaki na nusu, angebaki na zote, hakuna mtu angemhukumu. Kilichomuua ni kusema kitu kimoja mbele ya watu huku ukweli ni mwingine. Tena alipatana na mke wake wadanganye pamoja.

Wapendwa, hapo ndipo penye mpaka. Sheria inasema kodi ikiwa chini ya 24,000 kwa mwezi hailipiwi huo ushuru wa kila mwezi. Basi ndugu mwenye 40,000 anagawanya: 20,000 ni yangu, 20,000 ni ya mama watoto. Hapo hakuna anayedaiwa. Je, ni halali? Inategemea. Kama ploti ni ya wawili kweli, jina la mke liko kwenye hati na pesa anazipokea na kuzitumia, mko sawa. Lakini kama jina lake liko KRA tu, halimo kwenye hati ya shamba, na akiomba mia tano ya unga anaulizwa maswali kama mtuhumiwa, ndugu, umemfanya Safira bila yeye kujua. Unamtambua mbele ya mtoza ushuru na kumkana mbele ya ukoo wako. Siku utakapolala kaburini, hiyo ritani ya KRA haitamsaidia shemeji zake wakija kumfukuza. Ukitaka nafuu ya jina lake, mpe pia mali ya jina lake.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwenye biashara. Mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka yanatozwa asilimia 3. Ukiwa na till moja ya kuonyesha na namba nyingine ya kuficha, huo si ujanja wa sheria. Ni mizani miwili, na Mithali inasema Bwana anaichukia.

Kuna jambo lingine, na hili ni gumu zaidi. Hata ukiwa ndani ya sheria, mtazame mpangaji wako. Mwalimu mwenye shilingi 40,000 za kutozwa ushuru kwa mwezi anakatwa karibu 4,380 kabla hajaona mshahara. Hana milango miwili. Wewe kwa kodi ya 40,000 unalipa 3,000. Najua una gharama zako, lakini ujue pia nafasi uliyopewa. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 201, inataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Ukiuficha wako, hautoweki. Unamrudia yule ambaye hawezi kuficha, na kesho yake unampandishia kodi ukimwambia ni serikali.

Nasikia mtu anaandika hapo chini: "Lakini Pastor, pesa zenyewe zinaibwa!" Sikatai. Yohana Mbatizaji aliwaambia watoza ushuru wasidai zaidi ya walivyoamriwa, na Zakayo aliyeokoka alirudisha mara nne. Neno linambana anayetoza kama linavyombana anayelipa. Lakini kuna njia ya mwana wa nuru. Juni 2024 vijana wa nchi hii waliupinga Mswada wa Fedha mchana, wazi, wengine kwa gharama ya maisha yao, na tarehe 26 Rais akakataa kuutia sahihi. Ushuru mbaya pinga hadharani. Yule anayejaza ritani ya sufuri usiku huku vyumba vimejaa hapingi wizi. Amejiunga nao.

Wiki hii fanya jambo moja. Weka mezani hati ya shamba, ritani yako ya KRA na taarifa ya M-Pesa. Torati inasema neno huthibitishwa kwa mashahidi wawili au watatu. Hao ni watatu. Wakisema jambo moja, lala usingizi na usimruhusu mtu akuhukumu kwa kulipa kidogo. Wakipingana, rekebisha mapema. Anania hakupata nafasi hiyo. Wewe unayo.

Baba, utupe mikono safi juu ya nyumba ulizotupa, na utufanye watu wa neno moja nyumbani, sokoni na mbele ya serikali. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, na umtumie mwenye ploti mmoja.