Kighairi si Kosa

Mwanafunzi wa sarufi hukijua kighairi tangu anapofundishwa ngeli: ni neno linalokataa kufuata kanuni ya jumla, nayo kanuni haivunjwi kwa sababu hiyo, bali kighairi hutengewa pahali pake. Waandishi wa programu za kompyuta nao wana kighairi chao. Hata hivyo, Kiswahili cha kompyuta aghalabu hukiita "kosa", sawa na kila baya jingine. Makala haya yanashikilia kuwa umaskini huo wa istilahi una gharama.

Gharama yenyewe hudhihirika karibu na Alupe, katika mipaka ya Busia na Malaba. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi mwaka 2018 ili lori lisimame upande mmoja tu wa mpaka, na hati za mizigo hupitia kompyuta. Ichukuliwe kwamba mtandao umekatika hati ikiwa njiani. Hicho ni kighairi: kilitarajiwa, na wajibu wa programu ni kuihifadhi hati, kumweleza karani kilichotokea, kisha kujaribu tena. Ichukuliwe pia kwamba kumbukumbu zinaonyesha lori limetoka ilhali halijawahi kuingia. Hilo ni dai lililoanguka, yaani jambo ambalo mwandishi wa programu aliapa kuwa haliwezekani. Hapo programu yapasa ikome na kupiga mbiu, kwani kila hesabu itakayofuata itajengwa juu ya uongo. Yote mawili yakimezwa kimyakimya, dereva atalala barabarani bila kujua sababu, naye karani hatakuwa na la kumwambia fundi ila "mashine imekataa".

Mnamo Juni 4, 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliangamia kabla ya dakika moja kutimia angani. Namba iliyozidi nafasi ya biti 16 ilizua kighairi kisichoandaliwa, kwa kuwa programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilichukulia kuwa namba hiyo haiwezi kukua kiasi hicho.

Jambo OpenOffice, iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilithibitisha kuwa Kiswahili chaweza kuikalia kompyuta. Kilichosalia ni wanaisimu kuketi na waandishi wa programu, wakitenge kighairi na dai lililoanguka, na kumpa karani wa mpakani maneno ya kutaja kilichoharibika. Mficha maradhi, kifo humuumbua.