Kinanda Juu ya Meza ya Chakula

Mwezi huu tunaweka mapishi kando. Hapa Getanuwas, wilayani Hanang, tumeletewa kinanda kidogo kutoka Arusha. Tangu juzi kimekaa mezani petu, kati ya chupa ya chai na bakuli la sukari.

Ni Yamaha PSS-A50. Kilitolewa mwaka 2019, lakini sisi ndiyo kwanza tunakiona. Uzito wake ni kilo 1.2 tu. Kinatumia betri 4 ndogo au waya wa USB, hivyo umeme ukikatika mazoezi yanaendelea. Kina sauti 42, zikiwamo za piano, gitaa na ngoma. Watoto walikimbilia kitufe cha kupindapinda sauti, mpaka baba yao akauliza kama kuna paka ndani.

Sisi tulikuwa na haja nyingine. Mwalimu wetu wa kwaya ni mama mwenzetu. Kila siku ya mazoezi hutufundisha sauti zote nne kwa koo lake mwenyewe, hata Jumapili ikifika yeye ndiye asiyeweza kuimba. Tulipomwekea kinanda alipiga kipande cha sauti ya tatu, akakirekodi, nacho kikawa kinakirudia chenyewe. Akavuta kiti, akanywa chai yake ingali moto, nasi tukaimba. Hatukuwahi kumwona amekaa kwenye mazoezi.

Kasoro nazo tuziseme. Vibonyezo ni 37, tena vyembamba. Vidole vya binti wa miaka kumi vinavimudu; vyetu vilivyozoea jembe vinagusa viwili kwa mpigo. Kutoka mwanzo hadi mwisho unapata do mpaka do mara 3 tu, basi mkono wa besi na mkono wa soprano hubanana kama abiria wa siku ya mnada. Spika yake pia ni ndogo, haitafika kiti cha nyuma kanisani.

Kwa hiyo si kinanda cha kuongozea ibada. Cha kufundishia sauti nyumbani, tumekipenda. Lakini mfuko wa kwaya unatosha kinanda kimoja, na akina baba wanataka kikubwa chenye vibonyezo 61. Tumewaomba wasubiri hadi mwisho wa mwezi. Jumapili hiyo watamsikia mwalimu akiimba, ndipo tutapiga kura.