Thiripi Waharibuo Gladioli

Mkulima apandaye gladioli ili auze maua aweza kupatwa na jambo la kusikitisha. Mimea imesimama vyema, lakini siku za kuchanua zikaribiapo, majani huingia mistari myeupe ing'aayo kama fedha, na vitumba hukauka kabla ya kufunguka. Hata maua yanayofunguka huwa na madoa, na mnunuzi huyakataa. Wengine husema ni jua kali, wengine ni upungufu wa mbolea. Mara nyingi ni thiripi.

Mdudu huyu hata milimita 2 hafiki. Hukaa ndani ya vitumba na katika mikunjo ya majani, akikwaruza ngozi ya mmea na kufyonza maji yake. Ukitaka kumwona, kung'uta ua juu ya karatasi nyeupe. Asili yake ni Afrika yetu hii, na alifika Ulaya, Australia na Marekani kwa kuchukuliwa pamoja na matunguu yapandwayo. Airisi, ambayo ni ya jamaa moja na gladioli, naye huishambulia.

Hapo penye matunguu ndipo pa kuangaliwa sana. Mtu hunyunyiza dawa shambani, kisha huchimba matunguu, huyatia ghalani, na kudhani vita vimekwisha. Kumbe thiripi wameingia pamoja nayo, nao huendelea kula na kuzaana chini ya maganda. Tunguu lililoliwa huwa na ngozi ya kahawia yenye mikwaruzo, na ukilishika hunata. Ukilipanda, umempanda na adui. Ukimpa jirani, umempelekea adui huyo nyumbani kwake.

Kwa hiyo, siku ile ile ya kuchimba, kata majani yote uyachome moto. Chagua matunguu, yaliyooza uyatupe mbali. Kabla ya kupanda, yatie yaliyobaki katika maji ya moto ya nyuzi 46 za Selsiasi kwa dakika 20 hadi 30, kisha uyaanike kivulini penye upepo. Tumia kipimajoto, tafadhali, wala si kidole: maji yakizidi moto huua tunguu, yakipungua thiripi huokoka. Mwenye chumba cha baridi ya nyuzi 2 hadi 5 aweke matunguu humo, maana katika baridi hiyo wadudu hawa hawazaani.

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, thiripi walio nje hufa kwa jalidi. Sehemu nyingi za Kenya hazina baridi ya namna hiyo, basi gladioli zilizosahauliwa kando ya shamba huwalisha mwaka mzima. Zing'oe.

Wazee watakumbuka DDT, iliyosifiwa sana baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945. Hiyo hairuhusiwi tena mashambani. Ukihitaji dawa, muulize Bwana Shamba ni ipi iliyoandikishwa kwa maua, wala usitumie moja tu kila mara, kwa maana thiripi huizoea upesi.