KARATASI MOJA KILA SAFARI?

Ndugu Wanachama wa Kisii na Nyamira,

Mwenzetu mmoja, dereva wa lori la majani ya chai upande wa Nyansiongo, aliomba leseni katika ofisi ambayo leo hatuitaji. Safari ya kwanza karani akamwambia, "Lete picha." Akaleta. Safari ya pili, "Nakala ya kitambulisho iko wapi?" Safari ya tatu ikatakiwa barua ya polisi. Safari ya nne barua ya daktari, aliyoileta tangu siku ya kwanza, ikaonekana imepitwa na tarehe. Imepitwa ikiwa wapi? Mezani pa karani huyo huyo! Kila safari ni nauli ya kwenda mjini na siku isiyo na mshahara. Lori halikumngoja, sasa laendeshwa na mtu mwingine.

Hatusemi ofisi isiulize. Likikosekana jambo la lazima, na iulize. Na wenzetu wengine, tuseme kweli, hupeleka maombi nusu nusu. Lakini iulize mara moja, yote pamoja, kwa maandishi, na tarehe na sahihi. Kuuliza kidogo kidogo kwa mdomo ni kumchosha maskini mpaka atie mkono mfukoni.

Matajiri hawafanyiwi hivi. Kule Marekani, kampuni ikiomba leseni ya kujenga bandari ya mafuta mbali na pwani, sheria ya 1974 yampa mkubwa wa serikali siku 21 tu kuamua kama maombi yamekamilika. Yakiwa na upungufu, sharti amjulishe mwombaji. Mwenye meli za mafuta ana siku zake 21. Dereva wa Nyamira ana "njoo kesho".

Wala tusidanganywe kwamba sisi hatuna sheria. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 chataka serikali imtendee kila mtu upesi na kwa haki, na anayeumizwa na uamuzi apewe sababu kwa maandishi. Bunge likatunga sheria ya kukitimiza mwaka 2015.

Basi, mwanachama akiambiwa "kuna kitu kimepungua", asiondoke dirishani mikono mitupu. Aombe orodha yote iandikwe. Akikataliwa, alete habari kwa Katibu wa Tawi siku ile ile: tarehe, dirisha, na maneno aliyoambiwa. Tutaandika barua nakala mbili, moja ya ofisi, moja ipigwe mhuri irudi kwetu. Barua ya yule dereva imekwisha kuandikwa. Twaipeleka Jumatatu asubuhi. Nani atakuja pamoja nasi?