Chungu cha Katumba na Kiburi cha Pwani

Wako watu katika miji yetu ya pwani ambao wakisikia ugali wa muhogo hukunja uso, wakasema, "Hicho chakula cha wakimbizi." Maneno haya ni mabaya mara mbili.

Watu wa Katumba, huko Mpanda, walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Walipewa pori, wakalifyeka, wakajilisha wenyewe. Tangu mwaka 2014 wengi wao wamepewa hati za uraia. Basi ni mkimbizi gani huyo anayesemwa?

Tena chungu chao ndicho chetu. Muhogo mchungu huumenya, huuloweka siku kadhaa mpaka ulainike na sumu itoke, wakauanika, wakautwanga, wakasonga. Majani huyatwanga kinuni, huyachemsha kwa muda mrefu, kisha hutia mawese. Wao huita isombe. Mama wa Tanga au Unguja afanya vivyo hivyo, ila yeye hutia tui, akaita kisamvu. Tofauti ni mnazi na mchikichi! Na muhogo wenyewe ni Wareno walioutoa Amerika ya Kusini. Hapana wa kujivuna hapa.

Tumefunzwa tusikitie chakula kosa: ukikitaka kile, hukitaki kiache. Lakini sisi twakopa mchele na nyama ya biriani ili jirani asituone maskini, na deni likija twauza kitanda. Mtoto naye ajifunza nini? Kwamba maharage ni aibu. Mwiteni jikoni leo, mpeni mchi, atwange kisamvu.