Lipeni deni, kaeni na unga wenu

Nianze na swali la kijinga: ni nani anapeleka unga Kitale?

Kwa wale mnaosoma hii mkiwa Umoja au Roysambu na hamjawahi kufika huku, Kitale ni makao makuu ya kaunti ya Trans Nzoia, na ugali mnaokula una uhusiano mkubwa na Trans Nzoia kuliko na duka mlikonunua unga. Kampuni ya Kenya Seed ina makao yake hapa. Bodi ya Nafaka na Mazao ina maghala hapa. Ukiteremka kutoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha ukate kuelekea Bungoma mjini, ni mahindi na miwa mpaka macho yachoke. Sasa kila maisha yakibana nchini, kuna lori linapanda mpaka huku likiwa limejaa unga wa kiwanda, pakiti za kilo mbili, linaingia kwenye uwanja wa shule kinyumenyume, na mheshimiwa anashuka akiwa na kofia na mpiga picha. Kuna uwezekano mkubwa mahindi ya unga huo yalitoka huku huku. Yalisafiri, yakasagwa, yakavishwa karatasi, yakarudi nyumbani yakiitwa msaada. Ni kama kupeleka samaki Dunga halafu usubiri kupigiwa makofi.

Kabla mtu hajanirukia: kama una njaa na umepewa, chukua. Songa ugali, kula, lala. Sina neno na aliye kwenye foleni. Neno langu ni na mwenye lori.

Njaa ya huku haiji kwa sababu chakula hakipo. Inakuja kwa sababu pesa ya kukinunua haipo. Mkulima mdogo anaanza kuvuna Oktoba hivi. Wakati huo kila mtu anavuna, bei iko chini, na Januari inakuja na karo. Broka anafika hadi shambani, ana magunia yake na pesa taslimu. Serikali inaweza kutangaza bei tamu, kama mwaka 2023 Rais Ruto aliposema Bodi itanunua gunia la kilo 90 kwa shilingi 4,000, lakini Bodi inapima unyevu, ina foleni, na hailipi mkononi. Mtoto naye amefukuzwa shule leo. Unamuuzia broka. Kufika Mei au Juni nyumba haina hata punje, na yule yule aliyeuza magunia anasimama sokoni akipimiwa gorogoro moja kwa bei ambayo si ile aliyouzia.

Na huyo ana shamba. Kule Matisi na Kipsongo kuna familia hazina hata mahali pa kupanda sukuma. Wanaishi kwa kibarua: kupalilia kwa wengine, kufua, kubeba mizigo sokoni. Mwaka 2023 VAT ya mafuta iliporuka kutoka asilimia 8 hadi 16, trekta ilipanda, nauli ikapanda, kusaga kukapanda. Kibarua hakikupanda. Amartya Sen aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1981, akionyesha kwamba njaa iliyoua mamilioni Bengal mwaka 1943 ilitokea chakula kikiwepo. Lakini huhitaji kitabu. Simama tu barabarani Kitale na tumbo tupu uhesabu malori ya mahindi yakikupita.

Historia yetu ya karibuni ya unga ni kichekesho, kama una moyo wa kucheka. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ya Uhuru ilishusha pakiti ya kilo mbili kutoka zaidi ya shilingi 200 hadi 100. Ukienda dukani unaambiwa ule wa mia umeisha. Septemba serikali mpya ikaingia, ikasema ruzuku ya kula haifai, tupeane ruzuku ya kuzalisha: mbolea. Sawa, hoja ina kichwa na miguu. Kisha mwaka 2024, msimu wa kupanda, ikabainika kwamba ndani ya mpango huo huo kulikuwa na mbolea feki, imeuzwa kwa wakulima kupitia maghala ya serikali yenyewe. Miezi michache baadaye wakataka kutoza VAT mkate. Hapo ndipo mlipotoka barabarani, na mnajua yaliyofuata.

Sasa teremka nami Bungoma, maana huko ndiko mambo haya yako wazi zaidi. Pan Paper ya Webuye ilifungwa mwaka 2009, na wanaoukumbuka mji huo ukinuka kiwanda watakuambia wanaitamani ile harufu. Halafu kuna kiwanda cha sukari cha Nzoia, pale Bukembe. Kwa miaka, wakulima walipeleka miwa wakasubiri pesa. Wafanyakazi walifanya kazi wakasubiri mishahara. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kiwanda kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30, na watu bado wakawa wanapiga kelele kuhusu malimbikizo yao.

Chukua mkulima mmoja wa miwa, yeyote. Miwa inakaa shambani mwaka mmoja na nusu. Ameikata, imebebwa, imepimwa, sukari imetengenezwa, imeuzwa, imekoroga chai ya mtu Nairobi. Yeye hajalipwa. Anakopa. Desemba inafika, wanasiasa wanarudi nyumbani na malori, na mkulima huyu anapewa pakiti mbili za unga, nusu lita ya mafuta ya kupika, na karatasi yenye sura ya mtu anayetabasamu. Anaambiwa aseme asante. Anasema, kwa sababu tulilelewa vizuri.

Hebu tazama ni nini kimetokea hapo. Mtu aliyekuwa anadai maelfu amegeuzwa kuwa mtu aliyepewa shilingi mia nne. Asubuhi alikuwa mdai, jioni ni maskini aliyesaidiwa. Deni limefanywa zawadi, na zawadi haidaiwi. Hakuna mahakama utakayoenda kushtaki kwamba mwaka huu mheshimiwa hakuleta unga. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Haki! Lakini hujawahi kuona haki ikigawanywa uwanjani na MC na spika mbili kubwa.

Mwajua pia huu mchezo wa picha. Aprili 2020, Corona imefunga mji, watu Kibera walikanyagana wakigombea chakula cha msaada, na polisi wakatumia vitoa machozi. Mwezi huo huo gavana wa Nairobi wakati huo, Mike Sonko, alitangaza kwamba vifurushi vyake vya chakula vitakuwa na vichupa vya Hennessy, ati ya kusafisha koo. Kampuni yenyewe ilibidi itoke kusema pombe yao haitibu Corona. Tulicheka sana. Lakini hata kwenye kile kicheko, hakuna aliyekuwa amemuuliza mama wa Kibera alitaka nini ndani ya kifurushi.

Mwaka juzi nilipata kazi ya siku mbili na shirika fulani, sitalitaja, kuandika habari za familia zilizosaidiwa hapa Kitale. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo kazi ya siku mbili kwangu ni kazi. Nikapewa karatasi ya maagizo. Jina kamili. Idadi ya watoto. Picha ya jikoni, ikiwezekana na sufuria tupu. Picha ya baadaye, akitabasamu. Mama mmoja akaniuliza, “Kijana wangu, hii picha inaenda wapi?”

Nikamwambia, “Mama, inaenda kwa watu walionunua unga.”

Akafikiria. “Msichana wangu yuko kidato cha tatu. Wenzake wako na simu.” Akaomba apigwe akiwa ametupa mgongo. Msimamizi akasema picha ya mgongo haitumiki. Akapigwa ya uso, pakiti ameishika kifuani kama mfungwa anayeshika namba yake. Mimi nililipwa baada ya miezi minne, kwa hivyo ujue hata watoa sadaka wana madeni.

Nikisema haya, jibu ninalopata ni lile lile: ukiwapa pesa watalewa. Wanaosema hivyo wengi wao wana glasi mkononi. Lakini wacha tujibu. Kule Rarieda, Siaya, kaunti mbili tu kutoka Bungoma, shirika la GiveDirectly lilianza zaidi ya miaka kumi iliyopita kutuma pesa kwa simu kwa familia maskini, bila masharti. Watafiti wakafuatilia. Utafiti ulichapishwa mwaka 2016: watu walikula vizuri zaidi, wakanunua mifugo na mabati, na matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Hiyo haijafanya lori lizimwe. Pesa iliyoingia kwa M-Pesa haina sura, huwezi kusimama juu yake ukahutubia.

Na pesa inabaki mtaani. Mama anayeuza mahindi kwa gorogoro Chwele hauzi kitu siku lori limefika. Mwenye mashine ya kusaga anakaa. Lakini ukimpa jirani yao shilingi elfu mbili, atanunua mahindi kwa huyo mama, asage kwa huyo jamaa, abakishe ya mboga na labda ya daftari la shule. Mtu mwenye njaa anajua bei ya vitu kuliko mkurugenzi yeyote.

Kuna kitu kingine kinachonikera kuliko hata picha. Mteja hulalamika. Mwaka 2006, hapo Bungoma, shirika la One Acre Fund lilianza na familia chache za wakulima, likiwapa mbegu na mbolea kwa mkopo. Siwapigii debe, mkopo ni mkopo na unaweza kukubana vibaya. Lakini anayelipa ana mdomo. Mbegu isipoota, anarudi na hasira yake na risiti. Anayepewa unga wenye wadudu atafanya nini? Atauchekecha. Akisema neno ataambiwa hana shukrani, na safari ijayo jina lake halitakuwa kwenye orodha ya chifu. Hii orodha ya chifu pia ingeandikiwa makala yake.

Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa zaidi ya shilingi milioni tano ambazo Rais alikuwa ameahidi na kutoa kwenye kanisa moja la Soweto. Watu walishtuka kana kwamba jua limechomoza Kisumu upande wa ziwa. Kumbe inawezekana kumwambia mkubwa, chukua pesa zako.

Lakini mkulima hawezi kufanya kama askofu, ana watoto. Kwa hivyo nasema na wewe mwenye cha kutoa, iwe ni mshahara wa kwanza, chama chenu cha ofisini, au sadaka ya kanisa lenu la Nairobi mnayopanga kuleta huku Desemba na fulana za rangi moja.

Wakati wa Waturuki wa Ottoman, matajiri walikuwa na desturi mwezi wa Ramadhani. Walienda mtaa wasikojulikana, wakaingia dukani, wakaomba kitabu cha madeni. Wakachagua kurasa, wakalipa, zikachanwa. Aliyelipa hakujua amemlipia nani. Aliyelipiwa hakujua nani amemlipia.

Hicho kitabu kipo hata huku. Kila duka la Matisi na Kanduyi linacho, ndicho kimekuwa kikilisha watu hizi siku zote, siyo lori. Kimeandikwa “Mama Brayo, unga 1, majani”, “Fundi, mafuta ya 20”, na mwenye duka naye anadaiwa kwa hoseli na hajui atafungua mpaka lini. Acheni fulana. Mtu mmoja aje na matatu. Kitabu kiko chini ya kaunta, karibu na mizani, na kalamu imefungwa kwa kamba.