Bei ya chupa na misimu sita bila mavuno

Mwaka 2018, chupa moja ya mvinyo mwekundu wa Romanée-Conti wa mwaka 1945 iliuzwa mnadani New York kwa dola 558,000 za Marekani. Shamba lenyewe, lililoko Vosne-Romanée katika jimbo la Bourgogne nchini Ufaransa, ni takriban ekari 4.5 tu.

Jina linatokana na Mwanamfalme wa Conti, aliyelinunua mwaka 1760. Lakini jina peke yake halielezi bei hiyo. Filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi, alipoangamiza mizabibu ya Ufaransa karne ya 19, wakulima wengi walibebesha mizabibu yao kwenye mashina ya Kimarekani yanayomhimili. Romanée-Conti wakabaki na mizizi ya asili, wakitia dawa ardhini. Vita Kuu ya Pili ikaleta uhaba wa dawa na vibarua, na mavuno ya 1945 yakatoa chupa 600 hivi. Ndipo mizabibu yote iking'olewa, na iliyobebeshwa ikapandwa mwaka 1947. Mvinyo ulirudi 1952.

Misimu sita bila chupa hata moja! Mkulima mwenye shamba moja asingemudu. Wenye Romanée-Conti walikuwa pia na La Tâche, shamba la jirani, ambalo liliendelea kuzaa.